Balbu ya Stoo

Mita ya stima ilikuwa ukutani karibu na mlango, na Momanyi alikuwa ameisimamia kama mtu aliyesimama kando ya kitanda cha mgonjwa. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, uji bado unatoa mvuke. Alisoma namba, akakuna kidevu, akasoma tena.

"Mama Purity, hii kitu inakunywa kuliko ndama."

"Ni ile balbu ya vifaranga," akajibu Nyakerario mkewe. "Inawaka usiku na mchana. Ama unataka wafe?"

"Sijasema wafe. Nimesema inakunywa."

Ilikuwa kweli inakunywa. Kule nyuma, katika chumba kidogo cha stoo, palikuwa na boksi kubwa la mbao lililotandazwa maranda, na ndani yake vifaranga mia moja wa siku tisa. Juu yao ilining'inia balbu moja ya zamani, ya wati mia, ile ya waya mwekundu ndani. Vifaranga hawakuwa wake. Walikuwa wa akina mama kumi wa Dorkasi, kile chama cha kanisa cha kuwatembelea wagonjwa na kuwavika yatima, kila mama na kumi wake. Nyakerario alichaguliwa kuwalea hadi waote manyoya, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa na stima na stoo tupu.

Gesare naye alikuwa na stima. Gesare ni mke wa kaka mkubwa wa Momanyi, nyumba yake ng'ambo ya ua tu, na siku ile ya kuchagua ndiye aliyeinua mkono kwanza. Kura zikahesabiwa: saba kwa tatu. Tangu hapo akimsalimu Nyakerario humsalimu kwa mdomo tu, moyo ameuacha nyumbani. Kwa hiyo Nyakerario alikuwa akiingia stoo mara kumi kwa siku. Cha mtu mavi, wahenga walisema, lakini cha akina mama kumi wa kanisa moja ni moto mkononi.

Momanyi akageuka kutoka kwa mita.

"Bonasi ya majani chai imeingia," akasema ghafla. "Tubadilishe balbu zote. Tutoe hizi za kujipinda ambazo huwaka zikitaka. Tuweke LED."

Nyakerario akaweka kikombe chini. "Zote?"

"Nyumba nzima. Mpaka nje."

Moyo wa Nyakerario uliruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Ijumaa ijayo ilikuwa zamu yake ya kuwapokea waumini kufungua Sabato jua linapozama, na alikuwa amekwisha kuona aibu kabla ya siku yenyewe, jinsi watakavyotafuta kurasa za nyimbo kwa kukodoa macho. Sasa Mungu amejibu kupitia kwa Momanyi, ambaye kwa kawaida jibu lake ni "tutaona".

Hakungoja uji upoe. Alipanda kigoda, akachomoa balbu moja iliyokufa pale kwenye ujia, akaifunga ndani ya leso kama yai.

"Hiyo imekufa, unaipeleka wapi?"

"Naenda nayo dukani. Anayenunua kifuniko hubeba sufuria."

*

Pale soko la Daraja Mbili, katikati ya marundo ya mitumba na mikungu ya ndizi, kijana mmoja alikuwa ametandaza balbu juu ya gunia.

"LED mia! LED mia! Mama, washa nyumba iwe uwanja wa ndege!"

Nyakerario akainama, akachukua moja. Ilikuwa nyepesi kama ganda la yai lisilo na kitu. Hakuna jina, hakuna wati, hakuna maandishi yoyote.

"Naweza kuijaribu?"

"Utaijaribia kwako, mama."

"Na ikikataa?"

"Utaniombea."

Akacheka, akamrudishia balbu yake, akapanda mjini hadi kwa Eucabeth.

Eucabeth ni mama wa kutoka upande wa ziwa, na duka lake la vifaa vya stima lilikuwa jembamba kama ujia. Kwenye kaunta alikuwa na ubao wenye holda sita, za kujaribia. Mbele ya Nyakerario alisimama mwanamume mmoja wa tai, aliyekuwa akingoja kukatiwa waya. Nyakerario alipofungua leso na kutoa balbu yake, mwanamume yule akacheka puani.

"Leo mama ameleta mgonjwa hospitali."

Uso wa Nyakerario ukapata moto. Lakini Eucabeth hakuinua hata kichwa.

"Heri huyu, mwalimu. Wewe juzi ulinirudishia mbili za kuzungusha kwa sababu ulidhani unajua, na nyumba yako yote ni ya pini." Akaishika ile balbu iliyokufa, akaigeuza. "Ya pini. Sawa, mama. Hapa kwangu hatuanzi na balbu. Niambie chumba, halafu niambie ndani kuna nani na anafanya nini."

Nyakerario alipenda swali hilo. Akaanza na sebule.

"Tunasoma Biblia. Tunaimba. Watu wa kanisa wanakuja."

"Wati kumi na mbili, nyeupe. Lakini nikuambie ukweli, hii nyeupe haina adabu. Itaonyesha vumbi mpaka la mwaka juzi."

"Wacha ionyeshe, nitapangusa. Si unipe ya wati nyingi zaidi ndiyo iangaze sana?"

"Wati ni chakula, mama. Lumeni, ule mwanga wenyewe, ndiyo kazi. Soma hapa kwa boksi. Kuna mtu anamaliza sufuria ya ugali na hajalima hata mstari mmoja."

"Huyo namjua!" akasema Nyakerario, na wote wawili wakacheka hadi mwalimu akakohoa.

Jikoni, ambako Nyakerario huchagua mawe kwenye maharagwe, akapewa ya wati tisa, nyeupe. Chumbani, "mimi na mzee," akapewa ya tano, ya manjano, ya kupumzisha macho. Ujiani akapewa kama hiyo, na nje ya tisa na kifuniko chake cha kuzuia mvua. Kila moja Eucabeth aliipachika kwenye ubao, akaiwasha, akaitazama kupitia kamera ya simu.

"Ukiona mistari inakimbia kwenye simu, hiyo ni mbaya, itakuumiza kichwa. Unaona mistari?"

"Sioni."

"Basi gusa."

"Niguse balbu? Si itaniunguza?"

"Gusa tu."

Nyakerario akanyoosha kidole kama mtu anayegusa nyoka aliyekufa. Akakiweka. Kisha akaweka kiganja kizima. Balbu ilikuwa vuguvugu tu, kama shavu la mtoto.

"Haiunguzi!" akapaza sauti. "Mungu wangu, inaangaza na haiunguzi!"

"Ndiyo maana haili tokeni zako za stima. Ile ya zamani, karibu chakula chake chote hugeuka joto." Eucabeth akaandika tarehe kwenye shingo ya kila balbu kwa kalamu, ili ikifa mapema irudishwe. "Kuna chumba kingine?"

"Stoo."

"Na ndani ya stoo kuna nani?"

Nyakerario akafungua mdomo. Mwalimu alikuwa bado pale, waya wake begani, ameegemea kaunta kama mtu aliyekuja kutazama sinema. Nyakerario akamwona akicheka tena puani. Akasikia hata maneno yake: hawa wa kijijini Kiogoro bado wanalala na kuku.

"Hakuna mtu," akasema. "Ni stoo tu."

"Basi chukua hii ndogo ya wati tatu. Stoo haitaki makuu."

*

Ilikuwa bado mchana alipofika nyumbani. Alizima swichi kubwa, akapanda kigoda mwenyewe, kwa kuwa Momanyi huogopa hata betri. Momanyi alishika kigoda na kutoa ushauri.

"Usikaze sana."

"Nimekaza."

"Nilisema usikaze."

Mwisho alifika stoo. Ile balbu ya wati mia aliiacha ipoe kwanza, akaitoa, akapachika ile ndogo, akijiambia taa ni taa. Kisha akawasha swichi kubwa, na nyumba ikawaka yote kwa mara moja. Nyakerario alipiga vigelegele peke yake jikoni. Alizunguka chumba kwa chumba, akizima na kuwasha.

"Zima, ni mchana!" akasema Momanyi.

"Naionja tu!"

Balbu ya zamani ilikuwa bado nzima, na kutupa kitu kizima ni dhambi. Akaichukua hadi kwenye ua. Gesare alikuwa akianua nguo.

"Mama Omosa, shika hii. Bado inawaka vizuri. Sisi tumehama huko."

"Kuhama wapi?"

"Huko kwa balbu za kumaliza tokeni."

Maneno yalipotoka tu, Nyakerario aliyasikia jinsi yalivyokuwa. Lakini neno si kuku, huwezi kuliita lirudi. Gesare aliigeuza ile balbu kiganjani pole pole.

"Mbuya mono," akashukuru. "Sisi ambao hatujahama tutaitumia. Ya sebule imeungua jana, na leo watu wanafungulia Sabato kwangu."

Alasiri yote Nyakerario alifanya kazi za maandalio ya Sabato akiimba. Alipika vyakula vya kesho, akapiga nguo pasi, akasugua sakafu. Kutoka stoo vifaranga walikuwa wakilia kwa nguvu kuliko siku zote, *chwi chwi chwi*, bila kupumzika.

"Unawasikia?" akamwambia Momanyi. "Hata wao wanaimba. Wamefurahia taa mpya."

"Wana haki," akasema Momanyi.

*

Kwenye saa kumi na moja mvua ilishuka kutoka vilima vya Manga, mvua ile ya baridi inayoingia hadi kwenye mifupa. Nyakerario alikuwa akifunga madirisha alipogundua kwamba kwaya ya stoo imefifia. Akafungua mlango.

Taa ilikuwa inang'aa vizuri. Maranda yalikuwa meupe, matupu. Vifaranga wote mia walikuwa wamejirundika katika pembe moja, wamepandana kama sufi iliyomwagwa, na rundo lile lilikuwa linatetemeka.

Alipiga magoti, akaingiza mikono, akaanza kuwatawanya. Miguu yao ilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Chini kabisa akapata wawili waliolaliwa, wamekuwa bapa, macho yamefungwa. Akainua kiganja hadi kwenye balbu.

Vuguvugu. Kama shavu la mtoto.

"Haiunguzi," akanong'ona, na safari hii neno lilimchoma. "Baba Purity! Njoo! Hawakuwa wanaimba! Walikuwa wanalia!"

Momanyi alikuja mbio. "Weka jiko!"

Gunia la makaa lilikuwa chini ya mchirizi, limelowa chepechepe. Kuni zingetoa moshi, na moshi ungewamaliza upesi kuliko baridi. Kioski cha Onchiri kilifungwa tangu saa kumi kwa ajili ya Sabato, na vya wenzake vivyo hivyo. Huko kwao Ijumaa jioni huwezi kununua hata kiberiti. Wakachemsha maji, wakajaza mtungi mdogo, wakauzungushia leso, wakauweka katikati ya boksi. Vifaranga wakaukimbilia na kuukumbatia. Walisaidika, lakini maji hupoa, na usiku wa huku ni mrefu.

"Iko balbu moja tu," akasema Momanyi, akitazama upande wa ua. "Nitaenda mimi."

"Yaya, hapana. Mdomo ulioitoa ni wangu. Miguu pia itakuwa yangu."

Akawafunga wale wawili waliokufa ndani ya kitambaa, akatoka mvuani.

*

Sebule ya Gesare ilikuwa imejaa. Watu kama kumi na watano walikaa kwenye viti na mabenchi, vitabu vya nyimbo magotini, na juu yao ile balbu ikiwaka manjano, imeshiba. Mzee Manasseh, mzee wa kanisa, alikuwa amefungua Biblia.

"Mama Purity, umelowa. Njoo ukae, jua linakaribia kuzama."

"Sitakaa, Mzee." Nyakerario alibaki mlangoni, maji yakimtiririka, kile kitambaa mkononi. Alikuwa amejipangia maneno njiani, na yote yalimpotea. "Nimeua vifaranga wawili wa Dorkasi. Wengine wanakufa kwa baridi. Nilitoa balbu yenye joto, nikaweka ya urembo. Mwenye duka aliniuliza ndani ya stoo kuna nani, nikaona aibu kusema ni kuku. Nikasema hakuna mtu."

Minong'ono ikapanda. Mama Ogeto, mmoja wa wale kumi wa Dorkasi, akainuka nusu.

"Wawili? Wa nani sasa waliokufa?"

"Ni wangu. Waliokufa wote ni wangu."

Akamgeukia Gesare.

"Mama Omosa, nimekuja kuomba ile balbu."

Gesare alimtazama tangu viatu vyenye matope hadi kichwani. Kisha akainua macho kwenye balbu, kana kwamba wanashauriana.

"Kwa hiyo," akasema, "mmehama kurudi."

Sebule ikaangua kicheko. Hata Mzee Manasseh alifunika mdomo kwa Biblia. Nyakerario alisimama pale akakipokea kicheko chote, kama mtu anayepokea mvua asiyoweza kuikimbia, na kilipokwisha alishangaa kujikuta na yeye anacheka, machozi yakimtoka.

"Tumehama kurudi, dada."

Gesare tayari alikuwa anavuta kigoda.

"Lakini Mzee," akasema Mama Ogeto, "jua ndilo hilo. Kuhangaika na mambo ya balbu, si ni kazi?"

Mzee Manasseh akafikiri kidogo. "Bwana aliuliza ni nani ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani Sabato hatamwopoa. Hakusema lazima awe ng'ombe mkubwa. Panda, Mama Omosa."

Swichi ikazimwa. Giza la jioni likaingia chumbani. Wakasikia kigoda kikilia, kisha sauti ya Gesare:

"Mama yangu! Inaunguza!"

"Mungu asifiwe!" akapaza Nyakerario kutoka mlangoni, na wote wakacheka tena gizani.

Gesare akashuka, balbu ameifungia ndani ya upindo wa nguo yake. Hakumkabidhi Nyakerario. "Naipeleka mwenyewe. Wewe leo mikono yako siiamini. Na wangu kumi wamo humo."

"Na sisi?" akauliza mtu mmoja. "Tufungue Sabato gizani?"

"Kwa Momanyi kumejaa taa," akasema Mzee Manasseh, akitafuta fimbo yake. "Inukeni."

Wakatoka wote, waliofunika vichwa kwa mifuko, waliomulika kwa simu, wakapita pengo la ua na mistari ya chai iliyolowa. Mtu akaanzisha wimbo kabla hawajafika.

*

Stoo iliwatosha wawili tu. Nyakerario alizima, akachomoa balbu ndogo. Gesare akapachika kubwa. Mwanga wa manjano ukashuka, na baada ya muda mfupi joto likafuata. Wanawake wawili waliinama juu ya boksi. Kifaranga mmoja akaachana na mtungi. Wa pili akamfuata. Wakaanza kutawanyika juu ya maranda, wakijilaza chini ya balbu na kunyoosha mabawa kama watu wanaoota jua baada ya mvua.

"Sasa wamenyamaza," akasema Gesare.

"Kumbe furaha yao ni kunyamaza," akasema Nyakerario.

Sebuleni waumini walikuwa wamekwisha kukaa chini ya ile nyeupe ya wati kumi na mbili. Gesare aliingia, akasimama, akatazama. Taa ilionyesha yote: masizi pembeni mwa dari, kiraka cha kitambaa cha kiti, utando wa buibui ambao Nyakerario aliapa ameupangusa. Nyakerario alimwona akiona.

"Mama Purity, taa yako inasema sana."

"Imenishinda hata mimi."

"Lakini," akasema Gesare, akifungua kitabu cha nyimbo na kukishika mbali na macho yake ya miaka hamsini na sita, "maneno nayaona."

Wakaimba hadi mabati yakaitikia. Momanyi alisimama karibu na mita, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuitazama.

*

Jumapili alasiri duka la Eucabeth lilikuwa na wateja watatu. Nyakerario alijipenyeza hadi kaunta.

"Mama wa mgonjwa!" akasema Eucabeth. "Gani imekataa?"

"Hakuna iliyokataa. Mimi ndiye nilikataa kusema. Niulize tena ile ya stoo."

Eucabeth akaegemea kaunta. "Ndani ya stoo kuna nani?"

"Kuna vifaranga tisini na wanane," akasema Nyakerario kwa sauti ya kuhubiri, wateja wote watatu wakageuka. "Ni wa akina mama kumi. Bado ni wadogo, na kwetu kuna baridi."

Eucabeth hakugusa rafu ya LED. Aliinama chini ya kaunta, akatoa balbu moja nene, nyekundu, ya kutoa joto.

"Hii itakunywa, mama."

"Wacha inywe. Ina kazi."

"Kingine?"

"Sebule. Si yangu, ni ya Mama Omosa. Ya pini, nimechungulia holda yake. Ndani kuna watu wanaosoma na kuimba." Nyakerario akafungua leso yake, akaitandaza juu ya kaunta tayari kwa kufungia. "Mpe ile nyeupe. Ile isiyo na adabu."